Karatasi za Chaguo na Akina Masika wa Karambi

Siku yangu ya kwanza kama mkaguzi wa shule nilifika ofisi ya elimu ya Kasese nimevaa viatu vipya vya ngozi, na jioni nikarudi navyo mkononi. Nilikuwa nimefundisha darasa la tano miaka kadhaa huko Bwera, nikajiona nimeiva. Mkubwa wangu, Mkaguzi Mkuu wa Shule wa Wilaya, aliwahi kufundisha askari kambini, na ingawa alishavua magwanda zamani, ofisi nzima ilimwita Afande. Hakunikaribisha kiti. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Wewe iko mkaguzi ama bwana harusi?"

"Mkaguzi, afande."

"Mkaguzi natembea. Hiyo viatu itakufa leo. Chukua pikipiki, enda Karambi, kuja niambie shule ngapi iko na mwalimu ndani ya darasa. Hapana ofisi. Darasa! Haya, potea!"

Nikapotea kweli. Nilishika njia isiyo yangu, pikipiki ikanizimikia kwenye tope, na shule ya kwanza niliyoikagua maishani niliiingia peku, suruali nimeikunja hadi magotini. Watoto walicheka mpaka mwalimu wao akawageuza waangalie ukuta. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Wakaguzi wa leo wanakuja na simu, wanapiga picha ya ubao, wameondoka. Sisi tulikaa. Kwanza unaomba azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa muhula mzima. Kisha andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Kisha daftari la mahudhurio, ambamo kila mtoto hupigiwa alama asubuhi. Halafu unaketi nyuma ya darasa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamegusa kidevu, unasikiliza. Ndani ya dakika kumi niliweza kujua kama andalio liliandikwa jana au liliandikwa nilipokuwa nikizima pikipiki nje. Ripoti zangu zilikuwa ndefu na kali, na niliamini hakuna mtu wilaya nzima anayezijua shule kunishinda. Mzazi kwangu alikuwa mtu wa kuarifiwa, si wa kuulizwa.

Lazima nieleze jambo la majina, kwa msomaji asiye wa kwetu. Sisi Wakonzo jina la mtoto hufuata zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Wavulana nao wana ngazi yao, wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale. Mimi ni Bwambale, kama walivyo wana wa pili wa karibu kila nyumba kutoka Kasese hadi mpakani. Ng'ambo, upande wa Beni na Butembo, ndugu zetu wana desturi hiyo hiyo. Ofisini tulikuwa Bwambale watatu: Bwambale wa Stoo, Bwambale Mrefu, na mimi, Bwambale wa Pikipiki. Barua ikija kwa Bwambale tuliisoma sote, mwenyewe akaijibu. Hatukuwahi kuona kuna shida yoyote.

Afande alinizungusha. Baada ya kule milimani Bukonzo akanipeleka upande wa maziwa, Katunguru na Kahendero, ambako nilijifunza kukagua shule mapema kabla samaki hawajafika ufukweni, kwa sababu wakishafika darasa linabaki na mwalimu na chaki. Huko pia nilijifunza kuzima pikipiki na kusubiri kiboko amalize kuvuka njia, hata kama amesimama katikati anawaza mambo yake. Afande alipostaafu alinishika mkono kwa mara ya kwanza na kuniambia, "Wewe si mbaya." Maneno hayo niliyatembeza nyumbani mwezi mzima, mke wangu akachoka kuyasikia.

Nilirudi Bwera nikiwa Mkaguzi Mwandamizi, chini ya Afisa Elimu wa Wilaya, mtu mpole aliyeongea taratibu mno, na ambaye ukali wake uliusikia ukiwa umeshafika nyumbani. Ndipo ulipotujia mpango wa karatasi za chaguo.

Zamani fungu la serikali la masomo ya mtoto lilikwenda moja kwa moja kwenye shule, kwa hesabu ya majina yaliyo daftarini. Sasa tuliambiwa tujaribu njia nyingine. Kila familia ingepewa karatasi moja kwa kila mtoto. Mzazi anaipeleka karatasi shule anayoitaka, iwe ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi, mradi imekubali masharti, na fungu la serikali linakwenda ilikokwenda karatasi. Mtoto akihama, fungu linahama naye.

Niliupinga mpango huo waziwazi, na sitajifanya leo kwamba niliupenda.

"Mheshimiwa," nilimwambia Afisa Elimu, "watu watachagua shule yenye geti zuri. Kazi ya kuijua shule nzuri ni yetu."

"Bwambale," alijibu huku akikoroga chai, "serikali imesema tujaribu. Kujaribu si kuoa. Hii hapa fomu yao, ipitie uniambie kama ina kasoro."

Niliipitia. Ilikuwa na mstari wa jina la mtoto, mstari wa jina la mzazi na mstari wa shule. Nikaona iko safi, nikatia sahihi kwamba inafaa kwa wilaya yetu. Niwekee hapo alama, msomaji, maana nitarudi kuungama.

Mwezi ule nilicheka kuliko miaka yote ya kazi. Walimu wakuu walioshinda vitini mzazi akiingia, sasa walisimama mpaka magoti yakawauma. Mmoja alipaka ukuta wa mbele rangi ya waridi, rangi ikamwishia, upande wa nyuma ukabaki na matope yake. Mwingine alitangaza kanisani kwamba maharagwe ya shuleni kwake sasa yataiva. Kule Kahendero nilipoitisha mkutano wa kueleza uhuru wa kuchagua, mvuvi mmoja alinyoosha mkono.

"Mzee, tuchague nini? Shule iko moja. Ingine yote ni ziwa."

Nililiandika swali lake kwenye ripoti jinsi alivyoliuliza, na mpaka leo naona ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa juu ya mpango ule.

Bwera, kwa bidii yangu yote, nilibandika sokoni orodha ya shule na matokeo yao ya mtihani, nikasimama pembeni kuwasaidia watu wasioweza kusoma. Mwanamke mmoja alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa Mama Kavira, Kavira likiwa jina lake mwenyewe, mwuza mawese na vitenge aliyetoka Butembo na kufanya makao kwetu, mjane mwenye mtoto mmoja.

"Papa Inspekta," alisema, "hapa banaandika wapi mwalimu mwenye anageukiaka batoto?"

"Anayegeuka vipi, mama?"

"Kuna balimu benye banafundisha ubao. Miye natafuta mwenye anafundisha mutoto."

Nilimwonyesha shule kubwa ya pale chini, yenye matokeo mazuri. Akaniambia binti yake Masika alikuwa huko huko, na akaenda zake.

Sasa, juu mlimani Karambi kulikuwa na shule ndogo ya serikali iliyojengwa na kanisa. Ilikuwa na watoto wachache hivi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimependekeza iunganishwe na ile kubwa ya chini. Karatasi zilipoanza kurudi, zikawa zinapanda mlimani. Sikuelewa. Paa lilikuwa na kutu, geti halikuwapo kabisa. Nilipanda kwenda kuona, nikaketi kwenye kibenchi nyuma ya darasa la Mwalimu Kabugho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kawaida. Andalio lake la somo lilikuwa fupi kuliko nilivyopenda. Lakini mwalimu huyo hakusimama mahali pamoja. Alifundisha akitembea kati ya madawati, na kila alipotaka kusema neno la maana alisogea upande wa kulia wa binti mmoja wa dawati la mbele, akamtazama usoni, ndipo akasema. Binti huyo alikuwa Masika wa Mama Kavira. Sikio lake la kushoto halikusikia. Kule chini walimkalisha nyuma miaka miwili, wakamwandika kuwa mzito wa kuelewa. Nilizitafuta ripoti zangu za shule ile kubwa. Nilikuwa nimelisifu darasa hilo hilo kwa utulivu wake.

Kisha mambo yakaharibika. Kompyuta ya makao makuu ilizitupa karatasi nyingi za Karambi. Jina likitokea zaidi ya mara moja, ilihesabu huyo ni mwanafunzi hewa, yaani mtoto wa daftarini asiyekuwapo duniani. Na hapa shule ndogo iliyokuwa ikifa imejaa ghafla, na imejaa akina Masika watupu! Tulipewa hadi Ijumaa. Watoto wasiothibitishwa wangefutwa na kurudishwa shule zao za zamani.

Afisa Elimu aliniita. "Bwambale, karatasi zile zina muhuri wako. Watoto hao wakiwa hewa, na wewe utakuwa hewa." Alisema hivyo kwa upole wake ule ule.

Nilipotoka nilimkuta Mama Kavira mlangoni, ana karatasi yake iliyokataliwa.

"Mutoto yangu banamukatala ju ya nini? Banasema ati haiko mutu?"

"Ni kompyuta, mama. Tunashughulikia."

"Iko mutu. Nilimuzala miye mwenyewe, Butembo, na maumivu yake niko nayo mu kichwa mpaka leo. Papa, sikiliza. Kule chini bakamwita zezeta. Kwa Madame Kabugho, wiki tatu tu, ananisomea kartasi ya sabuni. Anasoma yote, na mahali sabuni inatokea! Kama banamurudisha nyuma kule, ataacha masomo. Ameshaniambia."

Alikuwa halii. Mimi ndiye niliyetaka kulia, mzee mzima, kwenye korido ya serikali.

Alhamisi alikuja Bi Mratibu wa mpango kutoka Kampala, binti mdogo kwa umri, mkubwa kwa cheo, na kompyuta yake mkobani. Tukapanda naye Karambi. Watoto wote walipangwa uwanjani, wazazi wakasimama nyuma, Mama Kavira kwenye mstari wa mbele.

"Ssebo," aliniambia Bi Mratibu kwa heshima ya Kiganda, "hapa naona Masika Maria mara tatu. Tuanze na huyo mmoja." Akapaza sauti. "Masika Maria!"

Wakatoka watatu. Halafu wakatoka na wengine, maana kila Masika alisikia kaitwa, na wale wadogo walikuja mbio kwa furaha ya kuitwa na mgeni. Bi Mratibu akawatazama. Akaamua kutumia jina la mzazi.

"Baba yako nani?"

"Baluku."

"Na wewe?"

"Baluku."

"Baluku huyo huyo?"

"Hapana!" wakajibu wote kwa pamoja, kana kwamba mgeni kauliza jambo la ajabu. Nyuma yao akina Baluku kadhaa wakanyoosha mikono.

Bi Mratibu akaketi kwenye benchi. "Ssebo, nani alisema fomu hii inafaa hapa?"

Hilo ndilo ungamo nililokuahidi. "Nyabo, ni mimi. Mimi mwenyewe ni Bwambale. Nimeishi na majina haya maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyaona shida."

Alinitazama, kisha akaangua kicheko, na uwanja mzima ukacheka naye bila kujua kwa nini. Alipomaliza kujifuta machozi akauliza, "Na nyinyi mnatofautishaje?"

Mwalimu Kabugho akaleta daftari lake la mahudhurio. Pembeni ya kila jina alikuwa ameandika kwa penseli. "Mimi natia hapa alama, madamu. Huyu ni Masika wa Daraja, nyumba yao iko pale kwa daraja. Huyu Masika wa Mbuzi Wawili. Huyu Masika wa Fundi Baiskeli." Sheria za ukaguzi zinakataza kuchorachora kwenye daftari, na kwa miaka mingi nimewaandikia walimu onyo kwa kosa hilo. Siku hiyo nilijifanya naangalia milima.

Bi Mratibu akawa anaita, anahakiki, anaandika, hadi akamfikia Masika wa Mama Kavira. Alimwita akiwa upande wa kushoto. Masika hakutikisika. Akamwita tena. Kimya.

"Huyu hajui hata jina lake," alisema Bi Mratibu, kalamu imeshashuka kwenye karatasi. Nilimwona Mama Kavira ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Mwalimu Kabugho alizunguka akasimama upande wa kulia wa mtoto, akamtazama usoni. "Masika, msomee mgeni ile anavaa kwa shingo."

Masika akainama, akashika kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Bi Mratibu, akasoma jina lote, cheo chote, na yale maandishi madogo ya chini ambayo nadhani mwenyewe hakuwahi kuyasoma. Kisha Bi Mratibu akaomba apewe penseli ya mwalimu, akaandika kwa mkono wake kwamba mtoto yupo.

Ijumaa ikapita salama. Fomu ikaongezwa mstari wa nne, "hujulikana kama", na hivyo ndani ya kompyuta ya serikali, Kampala, yupo mpaka leo Masika wa Mbuzi Wawili. Mama Kavira aliniletea chupa ya mawese ofisini. Nikamwambia sheria hairuhusu kupokea zawadi. Akaiacha kwa mke wangu, ambaye si mtumishi wa serikali.

Nami nikafanya kile ambacho mkaguzi mzuri hufanya. Nilimwandikia Afisa Elimu barua ndefu kuliko zote, nikimsifu Mwalimu Kabugho kwamba anastahili kupandishwa cheo. Pendekezo langu lilikubaliwa mara moja. Mwaka ulipokwisha aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu kule Kahendero. Aliposoma barua alinikumbatia, na nikatembea siku hiyo kifua mbele.

Sasa nimestaafu, nalima kahawa yangu, na wakaguzi vijana hupita kunisalimia. Huniuliza: mzee, ule mpango wa wazazi kuchagua ni mzuri ama ni mbaya? Nawaambia mazuri yake niliyaona kwa macho. Shule zilianza kumtazama mzazi kama mtu, na mimi nilijifunza nikiwa na mvi kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kuijua shule kunishinda mimi na kibenchi changu. Nawaambia pia juu ya yule mvuvi wa Kahendero, maana uhuru wa kuchagua kitu kimoja ni maneno tu, mpaka hicho kimoja kiwe kizuri. Halafu wakiendelea kukaa, nawasimulia wiki yangu ya mwisho kazini.

Nilikuwa nafungasha mafaili Mama Kavira alipoingia na Masika, ambaye alikuwa amerefuka. Aliweka mezani karatasi ya chaguo. Alitaka kumhamisha mtoto kutoka Karambi.

Nitasema kweli, nilikasirika. "Mama, tulivyoipigania shule ile! Leo unaiacha?"

"Miye sikuchaguaka shule, Papa. Nilichaguaka mwalimu. Mwalimu iko Kahendero."

"Kahendero ni mbali. Atalala wapi?"

"Kuna wifi yangu kule, anachomaka samaki."

"Unajua huko viboko hutembea hadi milangoni?"

"Kiboko mutu anamuona akikuya. Mwalimu mubaya, unakuya kumuona mutoto ameshakomaa."

Nilichukua kalamu nikajaza: jina, mzazi, hujulikana kama, shule anayotoka, shule anayokwenda. Chini kulikuwa na mstari wa sababu ya kuhama. Nikamwuliza niandike nini.

Alinitazama bila hasira hata kidogo. "Andika ni weye, Papa."

Nilicheka peke yangu. Kisha sikucheka tena. Barua ile ndefu ya sifa niliiandika mimi, kwa mkono huu, na sikuwahi kujiuliza nitakuwa nimemwacha nani kwenye dawati la mbele. Nikaandika: Mkaguzi alimhamisha mwalimu wake. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri, nikamsogezea mama karatasi.

Hakuipokea. Alimwashiria binti. Masika akaichukua, akausoma ule mstari kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, ili mama yake ahakikishe kwamba mzee hakuandika jambo lake mwenyewe.

"Njo vile," alikubali Mama Kavira, akaikunja karatasi, wakaondoka.